Picha Mia Tatu

Jumatatu, tarehe 9, mwezi wa kwanza

Daftari hili nimepewa na ofisi niandike joto la mashine kila siku. Nimejaza ukurasa mmoja, nikaona nina mengine ya kusema ambayo jedwali halina safu yake. Basi joto la ofisi nitaliandika kwenye karatasi za ofisi, na daftari litabaki langu.

Mashine yenyewe ni darubini yenye kamera. Pembeni yake kuna kompyuta nne ndogo, kila moja ni kibao kimoja tu kinachotosha kiganjani, hakina skrini wala kibodi. Kioo kilichopakwa makohozi ya mgonjwa kinawekwa chini ya kamera, kamera inakipiga picha mia tatu, na vibao vinne vinagawana picha hizo kutafuta vijidudu vya kifua kikuu. Mwisho inatoka karatasi: wapo, au hakuna.

Kabla ya hapo kazi hii ilikuwa ya mzee mmoja tunayemwita Jicho. Miaka thelathini na mmoja kwenye darubini. Wamemhamishia masjala akapange mafaili, na mimi niliyekwenda kozi ya wiki mbili nimekabidhiwa chumba. Tangu Ijumaa hajanisalimia.

Chumba kilikuwa stoo ya magodoro. Paa la bati, dirisha moja, nalo linatazama jua la mchana. Leo saa nane vibao vilifika nyuzi 78.

Nilipomweleza mume wangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Sasa anawaambia majirani kwamba mkewe anapigwa vibao vinne kila siku kazini na bado anaamka kwenda.

Alhamisi, tarehe 12

Nyuzi 81. Mhandisi aliyetuletea mashine yuko mji mwingine, tunazungumza kwa simu. Anasema kibao kikifika themanini hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue. Kazi ya kupekua picha ni nzito, na kila kinavyofanya kazi ndivyo kinavyojipasha moto. Vioo arobaini viliingia asubuhi, vimesomwa ishirini na tisa. Wagonjwa kumi na mmoja wamerudi kwao bila majibu.

Jumatatu, tarehe 16

Nyuzi 83. Vioo ishirini na nne. Nimeweka feni ya mezani, lakini hewa ya chumba yenyewe ni ya moto. Feni inakoroga joto lile lile.

Alhamisi, tarehe 19

Leo nimefanya ujinga. Chumba cha pili kuna friji ya dawa. Nilitoa chupa za rafu ya juu, nikatoboa mpira wa mlango kupitisha waya, nikavipanga vibao vyote vinne humo ndani. Kwa saa moja na nusu nilijiona nina akili kuliko mhandisi. Nyuzi 49. Vioo vilikuwa vinapita mbio.

Kisha mhudumu akafungua mlango kuchukua dawa, akauacha wazi akiongea na mwenzake. Nilipokuja, kibao cha tatu kilikuwa kimelowa matone madogo kama glasi ya maji baridi. Kilikufa mikononi mwangu.

Kwenye ripoti nimeandika kimeharibiwa na joto. Niliona si uongo sana. Bila joto nisingekipeleka kwenye friji.

Jumamosi, tarehe 21

Mume wangu ni fundi wa madirisha ya alumini. Leo kafunga karakana mapema, kaja hospitali na rula, kalamu ya risasi, na binti yetu wa miaka minane ambaye tumempa jina la Chiriku kwa sababu hanyamazi. Alivitazama vibao vitatu vilivyobaki vikiwa vimebebana ndani ya kisanduku cha plastiki, akatikisa kichwa.

"Nani kawalaza hivi?" akaniuliza. "Hata watu watatu huwezi kuwalaza kitanda kimoja msimu huu."

Alikata vipande vya fremu za dirisha, akavichonga meno kwa mashine ya kukatia ili hewa ipite katikati, akavibana juu ya chipu kwa grisi maalumu aliyotumwa na mhandisi akaitafute. Kisanduku akakitupa. Vibao akavisimamisha wima, kila kimoja mbali na mwenzake, feni ikawa inavuta hewa kutoka chini badala ya kupuliza juu. Chiriku alishika tochi na kumsimulia baba yake habari zote za shule, mwalimu wao anavyoimba jedwali la hesabu, nani kahamishwa dawati. Tuliwasha. Tukangoja nusu saa. Nyuzi 71.

Mume wangu alikunja mikono tu akisimama mbele ya kazi yake kama mtu aliyealikwa kwenye sherehe yake mwenyewe. Sijamwona na uso ule tangu karakana yake ipoteze kazi kubwa mwaka juzi.

Jumatatu, tarehe 23

Nyuzi 74. Vioo thelathini na nane, na vibao ni vitatu. Nimempigia mume wangu simu nikamwambia. Niliwasikia mafundi wake wakishangilia nyuma yake.

Alhamisi, tarehe 26

Nyuzi 79.

Jumanne, tarehe 31

Joto limepanda tena. Wazee wanasema msimu huu umekuja na hasira. Saa saba mchana ukuta wa chumba huwezi kuuegemea. Nyuzi 84, vioo kumi na tisa.

Daktari Mkuu alikuja mwenyewe. Si mtu mkali. Ni mtu aliyechoka. Alinionyesha dirishani mabenchi yalivyojaa, akasema kwamba wagonjwa wanaotoka hapa bila majibu nusu yao hawarudi, na asiyerudi ni sawa na ambaye hatukumpima. Alitaka vioo arobaini kila siku. Nilimwomba Jicho arudi kusaidia hata kwa mchana tu. Alisema waliotoa mashine wanakuja kukagua mwezi wa tatu, na hawezi kuwaonyesha mzee na darubini ya kizamani kando ya mashine yao.

Nikampigia mhandisi. Akasita, kisha akanieleza kwamba ndani ya programu kuna mahali pa kupunguza idadi ya picha. Picha chache, kazi chache, joto kidogo. Akasema mia tatu iliwekwa makusudi, kwa sababu kuna wagonjwa wenye vijidudu vichache mno, na ukitaka kuandika "hakuna" lazima uwe umetazama vya kutosha. Nisiguse ila pakiwa na dharura, na iwe kwa muda mfupi.

Nimeweka mia mbili.

Nyumbani mume wangu aliuliza bati lake, ndivyo tunavyoiita ile alumini ya meno, linaendeleaje. Nikamwambia linafanya kazi vizuri. Akaongezewa chakula, akala kwa raha.

Ijumaa, tarehe 3, mwezi wa pili

Picha mia na hamsini. Nyuzi 82.

Jumatatu, tarehe 6

Picha mia na ishirini. Vioo arobaini vyote, saa tisa kasoro. Daktari Mkuu kanipongeza mbele ya watu. Jicho alikuwa amesimama mlangoni pa masjala na mafaili kifuani. Alinitazama, akaingia ndani.

Jumatano, tarehe 8

Kaja mwalimu wa Chiriku. Nilimtambua kwa sauti kabla sijamwona, ingawa sauti imekwaruza. Anakohoa wiki ya tano. Mwembamba kuliko nilivyomwona kwenye kikao cha wazazi. Anaona aibu kukohoa mbele ya watoto, alisema, kwa hiyo hutoka nje kila mara, na akirudi anakuta darasa limekuwa soko.

Nilimpa kichupa cha makohozi, nikakipaka kioo chake mimi mwenyewe, vizuri. Mashine: hakuna.

Alhamisi, tarehe 9

Kaleta makohozi ya asubuhi, kama inavyotakiwa. Hakuna. Alishusha pumzi, akanishika mikono yangu miwili. Akasema basi ni vumbi la chaki. Kesho anarudi darasani.

Jumanne, tarehe 14

Picha mia moja. Nyuzi 83.

Jumatano, tarehe 15

Hivyo hivyo.

Ijumaa, tarehe 17

Hivyo hivyo. Kila Ijumaa vioo vilivyosomwa vinapelekwa kuchomwa. Zamani vilitunzwa miezi mitatu, sasa Daktari Mkuu anasema picha zimo kwenye mashine. Hazimo. Kadi za kumbukumbu zinajaa kwa wiki moja na mashine inafuta za zamani. Nimeona nisimsumbue.

Jumatatu, tarehe 20

Nimegundua Jicho anafanya nini masjala. Ameihamishia darubini yake huko, ameiweka dirishani nyuma ya kabati. Kila Ijumaa anamwomba mchoma taka ampe boksi moja la vioo vyangu kabla hajavichoma, na saa ya chakula anavisoma upya.

Nilimkuta akiwa ameinama. Damu ilinipanda. Nilimwambia kama anatafuta kunivunjia heshima aje aniambie usoni. Alinyanyua kichwa taratibu, akanitazama kana kwamba ametoka mbali.

"Mwanangu, mashine yako inatazama mara ngapi?"

"Mia tatu," nikamwambia.

"Kila kioo?"

"Kila kioo, mzee."

Akasema vizuri, akarudisha jicho kwenye darubini. Nilirudi chumbani kwangu. Najiambia ana kinyongo. Mtu akinyang'anywa kazi ya miaka thelathini na mmoja lazima awe na kinyongo. Najiambia hivyo tangu saa nane.

Jumanne, tarehe 28

Nyuzi 86. Kibao cha pili kilizima kabisa, kikawaka, kikazima. Meno ya alumini yalikuwa ya moto hata sikuweza kuyashika. Mume wangu anataka kuja Jumamosi kuyasafisha vumbi. Nimemwambia hakuna haja, yako sawa. Akija ataona namba za joto kwenye skrini ya mashine, na akiona ataumia.

Picha themanini.

Ijumaa, tarehe 3, mwezi wa tatu

Wageni wamekuja kukagua mashine. Watu wanne wenye suti, jasho linawachuruzika. Walikaa chumbani dakika sita. Walipiga picha bati la mume wangu na kusifu ubunifu. Mmoja aliuliza kama majibu ni ya kuaminika. Daktari Mkuu akanigeukia. Nikasema ndiyo.

Jumanne, tarehe 7

Chiriku amerudi nyumbani kimya. Mwalimu wao amekohoa damu mbele ya ubao. Watoto walidhani ni wino mwekundu wa kusahihishia.

Jumatano, tarehe 8

Amelazwa kwetu, wodi ya mwisho. Asubuhi nilipita nikasimama mlangoni. Hakuniona, macho alikuwa ameyafumba. Mfupa wa shavu umetokeza. Daktari wa zamu alikuwa na karatasi zangu mbili mkononi, hakuna na hakuna, anazigeuza mbele na nyuma kama barua isiyosomeka.

Saa nne Jicho alikuja mlangoni kwangu. Hakuingia. Akasema tu, "Njoo."

Nilimfuata masjala. Tulipoingia akafunga mlango kwa ndani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Darubini ilikuwa tayari. Akaniambia kwamba huwa hachukui vioo ovyo. Kwa kuwa fomu zote zinapita kwake, anachagua vya watu waliokohoa muda mrefu na bado wakaandikiwa hakuna. Cha mwalimu alikuwa nacho tangu mwezi uliopita, lakini maboksi yamemzidi, na jana tu ndipo alipokifikia, baada ya kusikia kalazwa.

Akanikalisha kwenye kiti chake. Aliniambia nianzie upande ule ule ambao kamera yangu huanzia, nihesabu kwa sauti kila eneo ninalotazama, kama picha moja moja. Nilihesabu. Ni kazi inayouma shingo. Samawati tupu, uchafu, seli, samawati tupu. Hamsini. Themanini. Mia. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Mia na ishirini, hakuna kitu. Nilitaka kusimama hapo. Mkono wake ukanigusa bega nisinyanyuke.

Mia na thelathini na nane. Viwili, vyembamba, vyekundu, vimelala pembeni kama nyuzi zilizodondoka kwenye nguo. Mia na sabini, kimoja. Mia mbili na tano, vitatu.

"Mashine yako haikukosea," Jicho alisema. "Haikufika."

Nikabaki nimeinamia darubini kwa sababu sikuweza kumtazama. Aliniuliza tena swali lile la siku ile, kwa sauti ile ile. Safari hii nikamwambia yote: mia mbili, mia na hamsini, mia na ishirini, mia, themanini, na tarehe zake. Nilimwambia habari ya joto, mabenchi, vioo arobaini. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru angenitukana. Alivuta kiti kingine akakaa, akapangusa miwani kwa ncha ya shati.

"Mimi jicho la kulia limeingia ukungu," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Waliponihamisha sikupigana. Nilisema afadhali, mashine haichoki. Hivi hapa nasoma kwa jicho moja, kimoja kwa saa nzima. Ningekuwa mzima ningekimaliza cha mwalimu siku ile ile."

Kumbe miezi yote hii alikuwa anajilaumu yeye.

Alhamisi, tarehe 9

Nimemwambia mume wangu. Nilingoja Chiriku aende kwa jirani kucheza.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: ni lini bati lilianza kushindwa. Nikamwambia wiki ya kwanza, kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Akahesabu kwa vidole. Wiki sita. Wiki sita kila jioni ananiuliza na kila jioni namjibu vizuri.

"Ungeniambia halitoshi," alisema. "Ningetengeneza kubwa zaidi. Ningetoboa ukuta, ningepaka paa chokaa. Alumini ninayo, inaozea karakana."

"Nilikuona ulivyofurahi."

"Kwa hiyo ukaninyamazia mimi, wakaumwa wengine."

Akanyanyuka akaenda kukaa uani. Sikumfuata.

Ijumaa, tarehe 10

Nilikwenda na Jicho kwa Daktari Mkuu. Niliandika maelezo ukurasa mmoja na nusu, nikatia sahihi. Aliusoma mara mbili, akavua miwani akajikanda macho. Sikuona hasira. Alisema mwalimu ameanzishiwa dawa na darasa lake litapimwa lote. Mashine nirudishe mia tatu, hata kama vioo vitasomwa kumi.

Kisha akakunja ukurasa wangu akautia kwenye droo yake mwenyewe, si kwenye faili. Akaniambia niandike upya: hitilafu iliyotokana na joto la msimu. Nikamwambia joto halikubadilisha namba, nilibadilisha mimi. Akasema anajua. Akasema watu wakisikia kwamba majibu ya hospitali hii hayaaminiki hawataacha kuumwa, wataacha kuja. Na waliotoa mashine wataichukua, na Jicho ana jicho moja, kwa hiyo nimwambie hospitali itapima kwa kitu gani kesho asubuhi.

Nikachukua kalamu.

Niliandika alivyotaka.

Jumatatu, tarehe 13

Tumemaliza vioo vya Jicho, mimi naye, kwa zamu. Mia mbili na kumi na mbili. Ukimtoa mwalimu, kuna watano wengine walioandikiwa hakuna na wanao. Watatu tumewapata kwa simu. Mmoja simu yake imezimwa. Mmoja alifariki mwezi uliopita. Aliyepokea ni kaka yake, akasema walidhani ni moyo.

Vilivyochomwa ni zaidi ya elfu moja. Nilianza kupiga hesabu ya wangapi wamo humo, Jicho akanizuia. Alisema yeye alichagua waliokohoa sana, kwa hiyo hesabu haitakuwa ya kweli. Huenda kumi, huenda thelathini. Hakuna wa kutuambia. Vioo ni majivu na picha zimefutwa.

Ijumaa, tarehe 17

Darasa la Chiriku limepimwa kwa sindano ya mkononi, watoto arobaini na wanne. Kumi na mmoja mikono imevimba. Wawili kati yao wana homa na wameanza dawa kamili. Tisa hawaumwi bado, ila kijidudu kimeshaingia, watameza dawa za kinga miezi sita. Chiriku yumo katika hao tisa.

Baba yake ndiye aliyempa kidonge cha kwanza. Alimshikia kikombe, akamwambia afungue mdomo waone kama kimekwenda. Chiriku akauliza kama mwalimu naye anameza hivi hivi. Baba yake akasema ndiyo, vingi kuliko vyako.

Jumapili, tarehe 19

Mwalimu amefariki asubuhi hii. Nilikuwa nyumbani, nafua. Mhudumu wa wodi ndiye aliyenipigia. Alisema dawa zilichelewa, mapafu yalikuwa yamekwisha. Hakujua anamwambia nani.

Nikaendelea kufua mpaka nguo zikaisha.

Jumanne, tarehe 21

Tumezika. Watoto walipangwa mistari na sare. Mama yake mzazi alinishika mikono, akanishukuru kwa kuja, akasema binti yake alikuwa ananisema vizuri, kwamba nilimpokea kwa upole siku ile ya vipimo. Mume wangu alikuwa kando yangu. Alitazama chini.

Ijumaa, tarehe 24

Daktari Mkuu ameruhusu tuwaite watu wapime upya, bila kusema sababu. Jicho na mimi tunapiga simu tangu saa tatu mpaka sauti zinakauka. Majina elfu moja na kitu. Wengi hawana simu, fomu inasema tu karibu na mashine ya kusaga, nyuma ya shule. Wengine tunawapata, wanauliza kwa nini, tunasema ni utaratibu mpya. Mtu asiyeumwa hawezi kupoteza siku nzima ya kazi kwa utaratibu mpya. Leo tumepiga tisini, watakuja labda kumi na wawili.

Jicho kanifundisha kusoma kama anavyosoma yeye, bila kukimbia. Nilimwomba msamaha kwa siku ile niliyomfokea. Akasema hakumbuki. Anakumbuka.

Jumatatu, tarehe 27

Nyuzi 85. Picha mia tatu. Vioo kumi na mmoja.

Alhamisi, tarehe 30

Mvua. Ilianza saa sita mchana, kubwa, juu ya bati husikii mtu anayeongea nawe. Nilikuwa nimeangalia skrini. 84, 79, 70. Ndani ya saa moja vibao vilikuwa 61 na vioo vinapita kimoja baada ya kingine, picha mia tatu kila kimoja, bila kusuasua. Vimesomwa vyote arobaini.

Nilikaa chini sakafuni. Wiki nane tu ningeyavumilia yale mabenchi.

Jumanne, tarehe 4, mwezi wa nne

Nyuzi 57. Mhandisi kapiga simu kupongeza. Ripoti ya robo mwaka imetoka: hitilafu ya msimu imedhibitiwa. Kuna picha ya bati la mume wangu ukurasa wa pili. Nilimletea nakala aione. Aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba.

Ananisemesha, lakini ni habari za nyumba tu. Chumvi imekwisha. Chiriku kameza.

Ijumaa, tarehe 7

Jicho kastaafishwa. Barua inasema macho. Alinikabidhi orodha ya majina yaliyobaki, imepigwa mistari kwa rula, mia saba na arobaini. Nilimsindikiza mpaka getini kwa sababu haoni ngazi vizuri. Alisema nisiiache orodha. Nikamwambia sitaiacha. Wote wawili tulijua ni mtu mmoja, simu moja, na saa ya chakula.

Jumatano, tarehe 12

Leo mmoja wa orodha kaja mwenyewe.

Sikumwita. Alikuwa anapita kwenda stendi, akaona bora apitie kunishukuru. Kijana, shati limepigwa pasi, begi jipya. Alipima mwezi wa pili, tarehe 22, siku za picha mia moja. Karatasi yangu ameipeleka kwa waajiri kiwanda cha unga, wamempokea, wanampa na malazi, watu kumi na wawili chumba kimoja. Ameitia karatasi ile ndani ya plastiki ngumu isichakae. Aliitoa mfukoni akanionyesha sahihi yangu.

Nikamwomba akae. Nikamwomba anitemee kwenye kichupa kabla hajaondoka, dakika mbili tu, majibu atayapata kabla ya saa tisa. Akasema basi lake ni saa nane. Akauliza kwa nini.

Nilikuwa nimekatazwa kusema. Nilitazama mlango, nikasema. Nilimweleza joto, vibao, picha, nilivyozipunguza kwa mkono wangu mwenyewe, na vioo vilivyochomwa. Yeye ndiye mgonjwa wa kwanza niliyemwambia kweli yote. Alisikiliza kwa adabu, begi likiwa magotini, kama mtu anayeelekezwa njia ya mahali asikokwenda.

"Kwa hiyo, mama, ninao au sina?"

"Sijui."

"Hujui kabisa?"

"Sijui kabisa, mwanangu. Ndiyo maana nakuomba upime."

Aliitazama ile karatasi ndani ya plastiki. Akaipangusa kwa kiganja, akairudisha mfukoni, akasimama.

"Basi sina," akasema.

Akaniaga vizuri, akanitakia kazi njema. Dirishani nilimwona akivuka uwanja kwa kuruka madimbwi, begi kichwani. Nilifungua orodha nikaandika mbele ya jina lake: alikuja, alikataa. Nyuzi 58. Vioo arobaini.